Nani Atapima Kazi ya Umoja?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii kila mwenye duka anaijua, na kila mtunza feza wa paroki pia. Anayenunua magunia kumi ya chumvi na kuuza bila kuandika, siku moja atakuta ghala tupu, wala hatajua kama ameibiwa au kama ameila mali yake mwenyewe. Lakini kuna mali nyingine isiyowekwa ghalani wala kupimwa kwa mizani. Umoja wa watu ni mali ya namna hiyo. Watu waliokuwa hawasalimiani wakikubali kuketi barzani pamoja, umoja wao ni kilo ngapi? Na kama watu wa mbali wametoa feza ili kuusaidia umoja huo, nani atapima kama feza zile zimefanya kazi, na kwa kipimo gani?

Swali hili si la wenye maofisi peke yao. Leo karibu kila mji wa Congo una mashirika ya raia: vyama vya wakulima, vya akina mama, vya vijana, vya watetezi wa haki, na kamati za Haki na Amani za paroki zetu. Watu huyaita yote kwa jina moja, sosiete sivili. Mengi kati yao hupata msaada kutoka ng'ambo kwa njia ya mradi, ile inayoitwa proje. Mradi ukikaribia kwisha, huja mpimaji na daftari lake. Anauliza, anaandika ripoti, anakwenda zake. Baada ya miezi kadhaa habari inafika: mradi utaendelea, au mradi umekufa. Wakristu wengi wamo katika kazi hizo. Wengine hupimwa, wengine hupima. Basi, wapenzi wasomaji, tulichunguze jambo hili kwa mwanga wa akili na wa imani.

1. Kazi yenyewe

Tuchukue mfano mmoja wa kweli. Mwaka 2010, huko Dili, mji mkuu wa Timor-Leste, serikali za nchi kadhaa zilizoumizwa na vita ziliunda kundi, zikaliita g7+. Congo yetu imo, pamoja na Burundi, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Sudani ya Kusini, Sierra Leone, Liberia na nyingine. Wataalamu huziita nchi dhaifu. Maana yake si kwamba watu wake hawana nguvu. Mwanamke wa Kivu anayepanda mlima na mzigo wa mihogo mgongoni si dhaifu. Maana yake ni kwamba mahakama, usalama, na njia za kumaliza ugomvi bila bunduki zimevunjika, au bado hazijajengwa.

Mwishoni mwa mwaka 2011, katika mkutano wa Busan, Korea ya Kusini, nchi hizo zilipatana na nchi tajiri juu ya namna mpya ya kusaidiana. Waliweka makusudi matano: siasa halali inayowakubali wote; usalama wa watu; haki kwa kila mtu; kazi na uchumi; na kodi inayokusanywa vizuri ili kuwahudumia raia. Nchi saba zilijitoa kuanza kujaribu mapatano hayo, na Congo ilikuwa mojawapo.

Katika mazungumzo hayo kulikuwa na pande tatu: serikali za nchi dhaifu, serikali zinazotoa misaada, na mashirika ya raia. Upande huu wa tatu ndio mgumu. Serikali ina waziri wa kuisemea. Lakini nani atasema kwa niaba ya maelfu ya vyama, vikubwa na vidogo, vya mjini na vya porini, ambavyo vingine havipendani? Kwa hiyo kikaundwa chombo cha kuviunganisha, kinachojulikana kwa herufi CSPPS, na Cordaid, shirika la Wakatoliki wa Uholanzi, likabeba kazi za ofisi yake huko Den Haag. Nia ilikuwa kwamba raia wa nchi dhaifu wasijadiliwe mambo yao wakiwa nje ya mlango.

Tazameni sasa ugumu wa mpimaji. Kama mradi ni wa visima, anahesabu visima na kuonja maji. Kama ni wa shule, anahesabu madarasa na kuwasikiliza watoto wakisoma. Lakini mradi wa kuunganisha mashirika unazaa nini? Unazaa mikutano, barua na safari. Tena unazaa, Mungu akisaidia, uaminifu kati ya watu na sauti moja mbele ya wakubwa. Mikutano inahesabika, uaminifu hauhesabiki. Hapo ndipo hatari inapoanza, maana mtu mwenye haraka huhesabu kile kinachohesabika, kisha hukiita matunda.

2. Vipimo vya wataalamu

Wataalamu hawakosi vipimo. Mwaka 1991 kamati ya misaada ya nchi tajiri, iliyo chini ya OECD huko Paris, iliweka vipimo vitano, na mwaka 2019 ikaongeza cha sita. Ukivisema kwa lugha ya nyumbani, ni maswali haya. Je, kazi ilijibu shida ya kweli ya watu? Ilipatana na kazi nyingine zilizokuwapo, au ilizivuruga? Ilifikia kile ilichokusudia? Feza na siku zilitumika vizuri? Imebadili nini katika maisha ya watu? Na mema yake yatabaki baada ya feza kwisha?

Maswali haya ni mazuri, wala hatuyadharau. Paroki yoyote inaweza kujiuliza hayo juu ya zahanati yake, juu ya koperative ya kahawa, hata juu ya kwaya. Lakini swali jema likiulizwa mahali pasipofaa hupata jibu bovu. Mpimaji hulipwa na nani? Mara nyingi na yule aliyetoa feza, au na yule aliyezitumia. Anakaa kwetu juma mbili au tatu. Anaonyeshwa karatasi zenye majina ya waliohudhuria semina, na picha zao wakiwa wamesimama mbele ya kitambaa kilichoandikwa jina la mradi. Anaongea na wanaojua Kifaransa au Kiingereza, na wanaokaa karibu na uwanja wa ndege. Yule mama wa sokoni, ambaye shida yake iliandikwa katika barua ya kuomba msaada, haulizwi. Hapo hesabu imetolewa, ndiyo. Lakini imetolewa kwa nani?

3. Hesabu ni haki ya nani?

Hapo ndipo penye swali la dhamiri. Tujibu kwa utaratibu.

Kwanza, aliyetoa feza ana haki ya kujua. Asidanganyike mtu kwamba feza za ng'ambo hazina mwenyewe. Nyingine ni kodi ya wafanyakazi, nyingine ni sadaka ya bibi mzee aliyejinyima katika Kwaresima. Kumficha habari ni dhambi juu ya haki, hata kama hatuioni sura yake.

Pili, na zaidi, yule ambaye feza ziliombwa kwa jina lake ana haki ya kujua. Mtu akienda kuomba nguo kwa jina la yatima, nguo ikitolewa imekwisha kuwa deni kwa yatima. Aliyeomba ni mjumbe tu. Akirudi kijijini na kunyamaza, amemwibia yatima mara mbili: mara ya kwanza nguo, mara ya pili jina. Vivyo hivyo, mradi ulioombwa kwa jina la raia wa nchi dhaifu una deni la kuwarudishia raia hesabu, kwa lugha wanayoisikia, mahali wanapoweza kusimama na kusema: hili ni kweli, hili si kweli.

Papa Benedikto wa XVI aliligusa jambo hili mwaka 2009 katika barua yake Caritas in Veritate. Alionya kwamba pengine wanaosaidiwa hugeuzwa kuwa watumishi wa wale wanaowasaidia, na maskini hutumika ili maofisi ya gharama kubwa yazidi kuishi. Akataka mashirika ya misaada yaseme wazi ni sehemu gani ya feza inayofika kwenye kazi yenyewe. Na mwaka 1931 Papa Pio wa XI, katika Quadragesimo Anno, alikuwa amefundisha kwamba jambo ambalo jamii ndogo inaweza kulifanya yenyewe, jamii kubwa isiwanyang'anye. Basi, chombo cha kuunganisha mashirika kimewekwa ili kuyasaidia, si kuyameza. Kama vyama kumi vilikuwa vinasema vyenyewe, na sasa ofisi moja inasema huku vyama vikisinzia, hapo hawakuunganishwa. Wamenyamazishwa kwa adabu.

Pengine mtu atatuambia: Yezu alifundisha kwamba mkono wa kushoto usijue tendo la mkono wa kuume, kazi ya mapendo ikianza kuhesabiwa, si mapendo tena. Tunajibu: Bwana wetu alisema hivyo juu ya sadaka ya mtu mwenyewe, asije akajitafutia sifa. Juu ya mali ya wengine alitoa mfano wa talenta, na katika mfano huo bwana alirudi na kudai hesabu kwa kila mtumishi.

Mwingine atasema: mwenye feza ndiye mwenye neno, kama hataki kuwasikiliza raia, tutafanya nini? Tunajibu: feza humpa mtu haki ya kuuliza habari za feza zake. Hazimpi haki ya kuamua peke yake kama watu wamepatana. Mgeni hawezi kujua kama ndugu wawili wamesameheana kwa kuona tu kwamba wameketi benchi moja. Wenyewe ndio wanajua.

4. Mtini na miaka yake mitatu

Katika Evanjili ya Luka, sura ya 13, kuna mfano ambao kila mpimaji angeufikiri vizuri kabla ya kushika kalamu. Mwenye shamba alikuja miaka mitatu mfululizo kutafuta matunda katika mtini wake, asipate hata moja. Akaamuru ukatwe. Lakini mtunza shamba akaomba mwaka mmoja zaidi, apalilie shinani na kutia samadi. Baada ya hapo, usipozaa, ukatwe.

Miaka mitatu! Miradi mingi haipewi zaidi ya hiyo. Tuangalie basi kila mmoja alisema nini. Mwenye shamba hakukosa. Alikuwa na haki ya kutafuta matunda, na alisema neno la kweli: mti usiozaa unakula ardhi bure. Katika nchi maskini neno hili ni zito. Feza zinazolisha umoja wa uongo zingeweza kununua dawa. Na watu wenye akili, wanaozunguka kutoka semina hadi semina kwa ajili ya ile feza ya siku wanayoiita perdiemu, wangeweza kufundisha shule au kulima. Kumwonea huruma mtini wa namna hiyo ni kuwanyima wenye njaa.

Lakini mtunza shamba naye tumwangalie. Hakusema uongo. Hakusema: Bwana, tazama majani yake yalivyo mengi. Alikubali kwamba hakuna tunda. Kisha aliuliza, kwa vitendo, swali ambalo mwenye shamba hakuliuliza: je, mizizi ilipewa chakula? Tena hakutaka mwingine afanye kazi. Alitaka kushika jembe mwenyewe. Wala hakuomba miaka isiyo na mwisho; aliomba mmoja, na akakubali mti ukatwe baadaye.

Huyu ndiye mpimaji mwema. Anasema kweli juu ya matunda, anachunguza mizizi, anakubali kuchafua mikono yake, na hamfichi mwenye shamba siku ya mwisho. Mpimaji anayesifu majani ni mwongo. Anayekata bila kuchimba ni mvivu.

5. Matunda yasiyoonekana upesi

Umoja wa watu una majira yake, na pengine mavuno yake ni baya lisilotokea. Tutoe mifano miwili.

Mwaka 1999, huko Wunlit, kusini mwa Sudani, Baraza la Makanisa liliwakutanisha Wadinka na Wanuer wa upande wa magharibi wa mto Nile. Tangu mwaka 1991, waasi wa kusini walipogawanyika, makabila hayo mawili yalikuwa yameuana, yameibiana ng'ombe na kutekana wanawake na watoto. Kwanza ilijengwa kambi ya kuwapokea wageni. Akachinjwa dume mweupe wa ng'ombe. Kisha, siku baada ya siku, upande mmoja ulitaja mabaya yote uliyotendewa, na upande wa pili ukalazimika kusikiliza, halafu wakabadilishana. Tarehe 8 mwezi wa 3 walitia sahihi agano: vita vikome, malisho na uvuvi vishirikiwe, waliotekwa warudishwe, njia zifunguliwe.

Mpimaji angalikwenda huko mwaka mmoja baadaye, angaliandika nini? Kwamba ng'ombe wanakula majani ya nchi iliyokuwa imeachwa. Hilo tunda linaonekana. Lakini watoto ambao hawakuzikwa, angaliwahesabu namna gani?

Sasa tutazame nchi ileile miaka kumi na minne baadaye. Sudani ya Kusini ilikuwa imepata uhuru mwaka 2011, nayo ilikuwa moja ya zile nchi saba za mapatano ya Busan. Mwaka 2013 wataalamu waliandaa hati kubwa ya mapatano kati ya Serikali na wafadhili. Mikutano ilifanyika, karatasi zilikuwa karibu tayari kutiwa sahihi. Tarehe 15 mwezi wa 12, mwaka uleule, bunduki zikalia Juba, na vita vikaenea. Hatusemi kwamba waliotayarisha hati walikuwa wabaya. Wengi walifanya kazi kwa moyo. Tunasema kwamba karatasi zilikuwa zimekwenda mbali kuliko mioyo. Wunlit walianza kwa kuambiana mabaya usoni. Hiyo hati ilianza kwa makusudi mazuri. Na mtu aliyepima kwa kuhesabu mikutano, mwezi wa 11 angalisema kwamba kazi inakwenda vizuri.

Mfano wa pili ni wa Liberia. Mwaka 2003 wanawake Wakristu na Waislamu walikutana Monrovia, wakiongozwa na Leymah Gbowee. Wakavaa nguo nyeupe na kuketi kila siku katika uwanja wa karibu na soko la samaki, juani na mvuani, wakiomba vita viishe. Mazungumzo ya amani yalipofanyika Accra, wengine walikwenda huko na kuketi mlangoni ili wajumbe wasitoke bila kupatana. Tarehe 18 mwezi wa 8 mapatano yakatiwa sahihi. Umoja huo ulihitaji nauli, chakula na fulana nyeupe, na aliyetoa feza kwa ajili hiyo hakuzipoteza. Lakini mwanamke hakai mwezi baada ya mwezi juani kwa sababu ya fulana. Feza zilisaidia kitu kilichokuwa hai tayari.

Mifano hiyo inatufundisha jambo moja: feza huweza kuulisha umoja, haziwezi kuuzaa. Basi swali la kwanza la mpimaji liwe hili: feza zetu zilikuta nini hapa, na zimekifanya nini tulichokikuta? Zimekipa nguvu, au zimekifundisha uvivu?

6. Kusema kweli, na kunyamaza kwa haki

Mpimaji anashika mkononi mambo mawili mazito. La kwanza ni kweli. Akiandika kwamba mradi haukuzaa, watu watapoteza mishahara, na pengine ni watu anaowajua, waliompokea vizuri na kumpikia kuku. Akiandika kinyume cha aliyoyaona, anawasaliti wale ambao hawakuwa na kuku wa kumpikia.

Katika jambo hili sisi Wakongomani tumepewa mwombezi. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mwana wa jumuiya ya Sant'Egidio. Kazi yake ilikuwa katika OCC, ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa, mpakani. Alikuwa mpimaji basi, kwa maana kamili ya neno. Mwaka 2007 walimpa feza ili aruhusu vyakula vilivyoharibika viingie sokoni. Akakataa, kwa sababu watu wangekula sumu. Akatekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa 6 wa mwaka 2025 Eklezya ilimtangaza Mwenyeheri huko Roma. Yeye alijua kwamba sahihi ya mpimaji ni kitu kitakatifu, kwa sababu nyuma yake kuna mtu atakayekula kile kilichopitishwa. Anayetia sahihi ripoti ya uongo juu ya kazi ya amani, naye anapitisha chakula kibovu.

Jambo la pili ni usalama wa watu. Katika nchi tulivu, kuandika majina ya waliosema ni utaratibu mwema. Katika nchi dhaifu huweza kuwa hukumu ya kifo. Tunakumbuka Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za watu, aliyeuawa Kinshasa mwezi wa 6 wa mwaka 2010. Wajibu wa kusema kweli hauna maana ya kumwambia kila mtu kila kitu. Daktari husema kweli juu ya ugonjwa bila kutangaza jina la mgonjwa sokoni. Mpimaji naye aandike kweli yote juu ya kazi, na awafunike watu. Ripoti inayompendeza mfadhili lakini inamweka hatarini shahidi mmoja, ni ripoti mbaya, hata kama kila hesabu yake ni sawa.

7. Kipimo cha saa ya hatari

Sasa tunafika penye jibu. Vipimo vyote tulivyovitaja vina kazi yake. Lakini kwa kazi ya umoja kimoja kinavishinda vingine: feza zikiisha, na hatari ikija, je, wale watu bado wanatafutana, bado wanaambiana kweli, bado mmoja anasimama kwa ajili ya mwenzake?

Congo imekipata kipimo hiki zaidi ya mara moja. Mwezi wa 2 wa mwaka 2000 wenye kutawala Bukavu wakati ule walimzuia Askofu mkuu Emmanuel Kataliko asirudi katika jimbo lake, kwa sababu alikuwa amesema wazi juu ya mateso ya watu. Waamini na mashirika ya raia ya Bukavu hawakukaa kimya. Waliendelea kudai arudi, na mwezi wa 9 alirudi. Akafa Roma tarehe 4 mwezi wa 10, baada ya majuma machache tu. Watu hawakumdai kwa sababu walikuwa wameandikwa katika mradi. Walimdai kwa sababu walikuwa wamoja. Na katika uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 wa mwaka 2018, maaskofu wetu wa CENCO waliweza kuweka watazamaji karibu 40,000 katika nchi nzima. Feza zilihitajika kwa kazi hiyo, bila shaka. Lakini hakuna feza inayoweza kuwapata watu 40,000 wa kuaminika kwa miezi michache, kama paroki na mashirika madogo hayakuwalea kwa miaka mingi.

Mwezi wa 1 wa mwaka 2025 kipimo kilirudi kwa ukali. Serikali ya Marekani ilisimamisha karibu misaada yake yote ya ng'ambo, na katikati ya mwaka ule shirika lake la USAID likafungwa. Katika mwezi uleule wa 1 vita vikaingia Goma, na mwezi wa 2 Bukavu. Feza zikakauka na hatari ikaja wakati mmoja. Katika saa ya namna hiyo hakuna haja ya mpimaji kutoka mbali. Umoja uliokuwa wa karatasi unafungwa pamoja na ofisi. Umoja uliokuwa wa watu unaonekana kwa mambo madogo: jirani anayempokea jirani wa kabila lingine, katibu wa chama anayekwenda kwa miguu kuwapa wenzake habari, wazee wanaokutana usiku ili uvumi usiue mtu. Mwezi huohuo wa 1, maaskofu wa CENCO na wachungaji wa ECC walitangaza pamoja mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani. Kisha wakaanza kuwaendea wakubwa wa kila upande, hata wale wenye silaha. Wakatoliki na Waprotestanti njia moja: babu zetu wasingaliamini.

8. Na sisi?

Wapenzi wasomaji, tusimwachie mpimaji wa mbali kazi iliyo yetu. Jumuiya ndogo ya Wakristu, ile ambayo katika miji yetu ya Kivu tunaiita shirika, ni shule ya kwanza ya kutoa hesabu. Mtunza feza asome daftari mbele ya wote, si mbele ya padri peke yake. Mwenyekiti aulizwe bila woga, na ajibu bila hasira. Mjane asiyejua kusoma apewe nafasi ya kusema kama msaada uliotolewa kwa jina la wajane ulimfika. Waliogombana waitwe kwanza kuambiana neno gumu, ndipo waitwe kuimba pamoja. Watu waliozoea hayo katika shirika lao, siku mradi mkubwa ukiwafikia hawatapofushwa nao, na siku ukiondoka hawatatawanyika.

Na ninyi mnaofanya kazi katika maofisi ya misaada, mnaoandika na kusoma ripoti, tunawaomba jambo moja. Kabla ya kutia sahihi, irudisheni ripoti yenu mahali ilipotoka. Isomeni kwa Kiswahili barzani, mbele ya wale ambao feza ziliombwa kwa jina lao, mkiwafunika wanaopaswa kufunikwa. Wakisema, ndivyo ilivyo, tieni sahihi kwa amani. Wakinyamaza na kutazamana, kaeni siku moja zaidi.

Maana kila kazi itapimwa tena, na Yule asiyehitaji karatasi za majina ya waliohudhuria. Mbele yake hatutaulizwa tulifanya mikutano mingapi. Tutaulizwa habari za ndugu yetu: alikuwa na njaa, alikuwa mgeni, alikuwa kifungoni, mlikuwa wapi? Heri tujizoeze kujibu swali hilo sasa, sisi kwa sisi, wakati bado tunaweza kushika jembe na kuchimba shinani.